Detekta ya kutafutia pete ufukweni: zipi zinazostahimili stima ya Mombasa

Anayetaka kununua detekta ya metali huuliza kwanza inaona chini kiasi gani. Hapa Mombasa ningemshauri aulize kwanza kama inaweza kunyamaza. Mashine uliyoiona kwenye video ikitoa sarafu ardhini katika shamba la Uingereza, ukiisimamisha nyuma ya hoteli za Bamburi, penye ua wa stima juu ya ukuta, taa za bustani na pampu ya kisima, italia mfululizo hata ukiinyanyua hewani. Na mashine inayolia ovyo haina kina chochote, kwa sababu mlio wa pete umezama ndani ya kelele.

Sababu yake si ngumu. Koili, ile sahani ya chini, hutupa uga wa sumaku ardhini kisha husikiliza mwitikio mdogo sana wa metali. Sikio kali namna hiyo husikia kila kitu. Detekta nyingi za burudani hufanya kazi kwa masafa ya kati ya 4 na 40 kHz hivi, yaani mitetemo elfu 4 hadi elfu 40 kwa sekunde. Stima yetu ni ya 50 Hz, mitetemo 50 tu, iko chini mno, lakini haiji peke yake: huja na mawimbi yake ya juu, na juu ya hapo kuna chaja, taa za LED na inverta za sola, ambazo huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, pale pale detekta inaposikiliza. Ua wa stima wa Nyali na Shanzu ndio rahisi kuutambua: hupiga pigo moja kila baada ya sekunde moja hivi, na mashine nayo hutoa "tik", ikanyamaza, "tik" tena. Ukisikia hivyo, usichimbe. Tazama juu ya ukuta.

Kabla ya kulaumu mashine, au kukubali maneno ya muuzaji kwamba "ni mchanga wa hapa, bosi", fanya jaribio hili. Shika koili hewani, usawa wa kiuno, bila kuitikisa. Ikiendelea kulia, ni stima. Igeuze koili isimame wima, kisha izungushe polepole: kelele ikipanda upande mmoja na kupungua upande mwingine, umejua inakotoka. Ikinyamaza hewani na kulia tu unapoipitisha juu ya mchanga, hiyo ni ardhi au chumvi. Na ikilia kila unapoigonga koili kidogo kwa mkono, angalia waya wake na kiungio. Mara nyingi kimelegea au kimeingia chumvi.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe ya pwani. Dawa ya bei rahisi kuliko zote dhidi ya stima ni umbali, na bahari yetu hukupa umbali huo bure. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, unaweza kutembea mbali kuelekea mwambani na kuziacha kuta za hoteli nyuma kabisa. Maji ya bamvua Mombasa hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, kwa hiyo muda ni mzuri. Jedwali la maji la bandari litakupa saa kamili. Maji mafu hayakufai, kwani hayaendi mbali. Lakini pale unapoikimbia stima ndipo unapoingia kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Detekta ya masafa mamoja huyaona kama kipande kikubwa cha metali, inaanza kulia upya.

Zile zinazotuma masafa mengi kwa pamoja huimudu chumvi vizuri zaidi, kwa kuwa hulinganisha masafa na kuutoa mwitikio wa maji. Ila nyingi ya hizo, kwa kuwa zinasikiliza kwa upana, husumbuliwa na stima kuliko za masafa mamoja. Ndiyo maana orodha yangu imepangwa kwa kuangalia jambo moja: je, mashine inakuruhusu kuhama kutoka upande mmoja hadi mwingine?

Nafasi ya kwanza: masafa mengi, yenye uwezo wa kuhamia masafa mamoja

Hapa naweka Minelab Equinox 900 na Nokta Legend, na sioni haja ya kugombana kuhusu ipi mbele. Zote mbili zinakuruhusu kutumia masafa mengi kwenye mchanga uliolowa, kisha ukipanda karibu na ukuta unabonyeza, unahamia masafa mamoja, hadi 40 kHz. Karibu na nyaya za stima, 20 au 40 kHz mara nyingi hutulia pale ambapo masafa mengi yanapiga kelele. Utapoteza kina kidogo, hasa kwa sarafu kubwa za fedha, lakini pete nyembamba ya dhahabu haidhuriki kwa masafa ya juu. Huonekana vizuri tu. Zote zina uwezo wa kutafuta mkondo usio na kelele, yaani kusogeza masafa kidogo hadi penye utulivu, na zote huzama: Legend hadi mita 3, Equinox 900 hadi mita 5. Equinox 700 ni ndugu yake mdogo, ina masafa mengi lakini yale ya mojamoja yanaishia 15 kHz. Kwa mtu wa Mombasa ningeongeza pesa nichukue 900, kwa sababu ya zile 20 na 40.

Equinox 800 ya zamani, iliyoingia sokoni 2018 kwa karibu dola 900 huko Marekani, bado ni mashine nzuri kwa mkono wa pili, nayo inafika 40 kHz. Tutarudi kwenye suala la mitumba.

Nafasi ya pili: Minelab Vanquish

Ya bajeti ndogo. Vanquish 340, 440 na 540 zilitoka 2019, zote hutumia masafa mengi, na kwenye mchanga uliolowa zinazipita mashine nyingi za bei yake. Hujitafutia zenyewe mkondo tulivu zinapowashwa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba lazima uiwashe ukiwa umefika mahali pa kazi, koili imetulia, mbali na metali. Ukiiwasha ndani ya matatu au kando ya gari, imejifunza kelele za gari.

Kasoro yake kwa mji huu: haina masafa mamoja. Stima ikizidi, unabaki na kupunguza ukali (usikivu wa mashine) tu, au kuizima na kuiwasha upya, au kusogea. Na koili yake inaingia majini hadi mita 1, lakini kisanduku cha juu si cha maji, kwa hiyo wimbi moja la kusi linatosha kukuharibia siku. Ukitafuta maji yakiwa yamepwa, haikusumbui sana. Ukitaka kuingia hadi kifuani, usiinunue.

Nafasi ya tatu: masafa mamoja, ya maji

Minelab X-Terra Pro na Nokta Simplex Ultra. Hizi ndizo ningempa mtu asiyeshughulika sana na ufuo: fundi anayetafuta vigingi vya mipaka kwenye ploti Kiembeni, mwenye shamba Mtwapa, anayetafuta funguo zilizoanguka bustanini. X-Terra Pro ina masafa manne ya kuchagua (5, 8, 10 na 15 kHz), unatumia moja kwa wakati. Simplex Ultra ni ya 15 kHz na unaweza kuyasogeza kidogo kukwepa kelele. Katikati ya nyumba zinatulia kuliko zile za juu. Kwenye mchanga mkavu pia hazina neno. Kwenye mchanga uliolowa utalazimika kuzipunguza ukali mpaka ujiulize kwa nini umekuja.

Nafasi ya nne: Garrett ACE 300 na 400

Nyepesi, rahisi kujifunza, na zinakuwezesha kusogeza masafa. Ni nzuri kwa mtoto au anayeanza, kwenye mchanga mkavu na uwanjani. ACE 200 haina huo usogezaji, na kwa sababu hiyo pekee siipendekezi hapa.

Za mapigo, zinazotupa sumaku kwa mapigo mafupi badala ya mfululizo, kama Garrett Sea Hunter Mark II, ziko kando. Chumvi haizisumbui, na wapiga mbizi wanazipenda. Lakini nchi kavu karibu na stima zina kelele nyingi, na hazitofautishi metali vizuri: utachimba vizibo vya soda na misumari kutwa nzima. Kwa ufuo wa Pirates siku ya Jumatatu, baada ya umati wa Jumapili, huo ni mtihani wa subira.

Mwisho kabisa ni zile zisizo na jina, zenye sanduku linaloandika "dhahabu mita 3". Hazisogezi masafa, hazina mkondo wa kuchagua, na ukipunguza ukali hadi zinyamaze, hazioni tena hata kizibo. Pesa hiyo afadhali uiweke akiba.

Kuhusu kujaribu dukani. Duka la mjini, lenye taa, kompyuta na nyaya ukutani, litaifanya detekta yoyote ilie. Muuzaji atakuambia ni kawaida, na kwa hilo hakosei. Lakini itumie hali hiyo. Mwambie kwa adabu, "Kaka, hebu iwashe, kisha utafute mkondo tulivu nione." Mashine inayotulia angalau nusu ndani ya duka itatulia ufuoni. Isiyobadilika hata kidogo, mrudishie. Kisha toka nje nayo, mbali na taa, uirushie sarafu ya shilingi 20.

Ukishaipata, kabla ya kugusa kingine, punguza ukali hatua mbili tatu. Watu huogopa, wanadhani wanapoteza kina, kumbe mashine tulivu kwenye ukali wa asilimia 70 inaona zaidi ya inayopiga kelele kwenye 95. Simu iweke hali ya ndegeni, au mwachie mwenzio aliyekaa kivulini. Mkiwa wawili wenye mashine aina moja, kila mmoja achague mkondo wake na mkae mbali mita kumi na zaidi. Vinginevyo mtadhani kuna ua wa stima baharini. Waya wa koili uzungushe vizuri kwenye mti wake, usining'inie.

Kifaa cha ziada kinachostahili pesa ni koili ndogo, ya inchi 6. Inakusanya kelele kidogo kuliko ile ya inchi 11, na unaweza kuisogeza karibu na ukuta au chini ya viti vya ufuoni. Hakikisha tu imetengenezwa kwa modeli yako, kwani mara nyingi koili za mashine moja haziingii kwenye nyingine.

Mitumba: fungua mahali pa betri na pa kuchajia utafute ukungu wa kijani, angalia kama mipira ya kuzuia maji imekauka, kisha fanya lile jaribio la kugonga koili. Ukiagiza kutoka nje, hesabu VAT ya 16% na tozo nyingine za forodha kabla ya kushangilia bei ya mtandaoni.

Na mahali pa kuitumia. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inalinda vitu vya kale, na vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 vimo humo. Usipeleke detekta Fort Jesus, Mji wa Kale wala Jumba la Mtwana. Bahari ya Nyali hadi Shanzu ni hifadhi chini ya KWS, shirika la wanyamapori, waulize kwanza. Mbele ya hoteli zungumza na askari wa zamu; mara nyingi yeye ndiye anayejua mgeni gani alipoteza pete, na alikuwa ameketi wapi.