TAHADHARI: Mbozi kuna mtu anakusanya namba za mbolea ya ruzuku

Wakuu, kama uko Mbozi au wilaya za jirani na umejiandikisha mbolea ya ruzuku, soma hii kabla hujampa mtu namba yako ya mkulima.

Jamaa alikuja kijijini kwetu mwishoni mwa Oktoba na kirikuu nyeupe na daftari kubwa. Hakujiita ofisa wa serikali, maana hapo tungemdai kitambulisho. Alisema yeye ni kijana wa wakala tu, mzigo umefika mjini, foleni haishiki, watu wanalala mlangoni. Tumpe namba zetu na elfu tano ya usafiri kwa kila mfuko, atatuletea hadi nyumbani. Hela ya mbolea yenyewe tulipe mzigo ukishuka. Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu asiyetaka hela ya mbolea kwanza utamshukuje? Nikatoa namba yangu na ya mama mkwe, mifuko sita, elfu thelathini.

Wiki mbili kimya. Nikapanda bodaboda hadi kwa wakala. Binti akaingiza namba, akanitazama: "Baba, mgao wako umeshachukuliwa." Wa mama mkwe vilevile. Kumbe ile ya usafiri ilikuwa ya soda tu, alichofuata ni namba. Ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/23, mfuko wa mbolea ya kupandia, DAP, wa kilo 50 uliokuwa umepita 130,000 ulishuka hadi 70,000. Mwenye namba zako anachukua kwa bei yako, anauza kwa bei ya soko, na sisi huku mpaka wa Zambia hauko mbali.

Mtauliza mzigo ulitokaje bila mtu wa dukani kujua. Hata mimi nauliza. Nimeshatoa maelezo polisi na taarifa imepelekwa TFRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mbolea, huyo wa dukani wamuulize wao.

Kwa waliompa namba: nendeni leo kwa mtendaji au bwana shamba, aangalie kama mgao wenu bado upo. Ukikuta upo, kachukue, usingoje mvua. Kujiandikisha ni bure, kunafanyika kijijini, hakuna "kijana" wa katikati. Kama unaumwa, mtume mwanao. Na ukifika dukani kagua mshono wa mfuko; ulioshonwa upya huwa na matundu ya zamani ya sindano pembeni, humo unaweza kuuziwa chumvi. Dai risiti hata kama wa nyuma yako wanaguna.

Mimi mwaka huu nimepandia samadi. Mama mkwe haongei na mimi.

Jamaa ni mfupi, mcheshi, Kinyiha chake safi kabisa, ndiyo maana wazee walimkaribisha chai. Simu yangu hapokei. Jana nimempigia kwa laini ya jirani, akapokea haraka, akaniuliza niko kijiji gani na nataka mifuko mingapi.