Nimechukua ovaloki kwa murabaha: yaliyonifurahisha na yaliyonikera

Nianze na bei, maana ndiyo mafundi wenzangu wanayoniulizia. Ovaloki ya nyuzi nne (cherehani ya kufunga kingo za kitambaa), dukani Kariakoo, ilikuwa 1,500,000. Benki ikaniuzia 1,740,000 kwa murabaha, yaani mauzo ya Kiislamu ambapo benki inanunua kitu na kukuuzia kwa faida iliyotajwa; mpango ukiwa nilipe 145,000 kwa mwezi, mwaka mzima. Anayedhani cha halali ni cha bei chee asijisumbue; jirani yangu wa fremu ya pili alikopa benki ya kawaida na riba yake haikupishana sana na faida niliyolipa mimi.

Tofauti iko kwenye muamala. Sikukopeshwa pesa, niliuziwa mashine. Benki inainunua kwanza, na ikiungua au ikiibiwa kabla haijaniuzia, hasara ni yake. Halafu inaniuzia kwa bei inayojulikana, faida nikiwa nimetajiwa wazi. Bei ikishafungwa haipandi. Baada ya Idi kazi zilikauka (nani anashona Mfungo Mosi?), nikachelewa rejesho. Faini ilikuwepo, ila kwa mkataba inakwenda sadaka, na deni likabaki lilelile.

Sasa kero. Afisa alinitandikia karatasi zote kwa mpigo: ahadi ya kununua, uwakala wa kwenda kuichukua mashine kwa niaba ya benki, na mkataba wa mauzo. "Saini tu mama, tarehe tutajaza sisi." Mashine iko dukani, benki haijatoa hata senti, inaniuzia nini? Mtume (s.a.w.) alimkataza sahaba wake Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho, na benki isipoimiliki mashine kwanza, murabaha inabaki mkopo uliovishwa kanzu. Nikasaini ahadi na uwakala, mkataba wa mauzo nikamrudishia. Akanuna. Meneja wake, Allah amlipe, alielewa bila ubishi.

Benki ilipolipa, nikapewa nakala ya risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) yenye jina la benki. Nikaenda dukani na kipande cha kitambaa cha dera, kile kinachoteleza, nikaikimbiza mashine palepale mpaka nikaridhika na mshono. Nikawapigia kwamba nimeipokea kwa niaba yao, ndipo nikarudi kusaini mauzo. Foleni ya pili hiyo, na nauli juu. Sawa tu.

Walinishawishi pia nichukue fedha taslimu kwa tawarruki: benki inakuuzia kwa mkopo bidhaa ambayo hutaiona kamwe, kisha kwa niaba yako inaiuza bidhaa hiyo kwa mtu mwingine, wewe unaondoka na pesa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi (sheria ya Kiislamu) lilipokutana Sharjah mwaka 2009 liliikataa tawarruki ya kupangwa namna hiyo. Najua wapo wanazuoni wanaoikubali kwa masharti, na benki za Ghuba zinaitumia sana. Mimi moyo ulikataa, na afisa hakunisumbua tena.

Programu yao ya simu inakwama mwisho wa mwezi, lipeni mapema. Na ukitaka kumaliza deni kabla ya muda, usitafute punguzo kwenye mkataba, halimo; andika barua uombe. Harusi ziliponikubali niliandika, wakanisamehe sehemu ya faida ya miezi iliyobaki, ingawa hawakuwa wamelazimika.

Nawapa nyota nne. Mashine ya matundu ya vifungo nitaichukulia hapohapo, mkataba wa mauzo ukisainiwa mwisho.