Ryzen 5 5600G na Core i5-12400: miezi 18 ya kurenda harusi

Ofisini kwangu Mwananyamala nina kompyuta mbili za mezani, zote za kuhariri video za harusi na sendofu. Moja ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600G ya AMD, nyingine Core i5-12400 ya Intel. Ukisoma maboksi yao utadhani ni mapacha: kori 6 (viini vya kufanyia kazi), thredi 12 (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), wati 65. Ila ukiuliza mbele ya mafundi ipi ni imara zaidi, umewasha Simba na Yanga.

Nianze na ile iliyonitoa jasho. Mwezi wa tano tangu niinunue, Ryzen ilianza kuzima katikati ya kurenda, yaani kompyuta inapotengeneza video ya mwisho baada ya kuhariri. Haikuleta skrini ya bluu wala haikuganda. Ni kimya tu, halafu inajiwasha yenyewe. Kwenye kumbukumbu za Windows nakuta Kernel-Power 41, yaani mashine imezimika bila kuaga. Usiku mmoja ilizima mara nne, na kulipokucha mama wa bibi harusi anapiga simu kuulizia flashi yake. Fundi niliyempelekea hakufungua hata kasha. "Kaka, AMD ndivyo zilivyo, zinachemka. Iuze uchukue Intel." Na mnunuzi alikuwepo tayari: yeye mwenyewe.

Nikarudi nayo. Nikafungua mashine zote mbili, nikabadilishana pawa saplai: ya Ryzen ikaenda kwenye Intel, ya Intel ikaja kwenye Ryzen. Kesho yake Intel ndiyo iliyozima, na Ryzen ikapiga kazi mpaka alfajiri. Ugonjwa ulihama na pawa saplai. Ilikuwa ile inayokuja ndani ya kasha, imebandikwa 600W, lakini ukiishika ni nyepesi kama kopo tupu. Nimeweka nyingine ya maana, nikaongeza na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), maana umeme wa mtaani kwetu ukikatika hurudi kwa kishindo. Tangu siku hiyo Ryzen haijazima hata mara moja.

Kwenye joto fundi hakukosea sana. Chumba hakina AC, na mwezi wa pili Dar mnaujua. Kwa feni ya boksini Ryzen ilifika digrii 89, wakati kikomo chake ni 95. Nilipopuliza vumbi na kupaka pesti mpya (ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoza) ikashuka hadi 78. Intel kwa kazi ileile inacheza kwenye 70.

Mashabiki wa Intel wasishangilie bado. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14, za wati 65 kwenda juu, zinaweza kupokea volti nyingi kupita kiasi na kuharibika taratibu. Wakatoa marekebisho ya maikrokodi (programu ndogo ndani ya prosesa), 0x129 mwezi Agosti na 0x12B Septemba, na kuongeza miaka 2 ya waranti kwa zile zinazouzwa kwenye boksi. Marekebisho hayo yanakinga tu. Iliyokwisha kuharibika haiponi. Hii yangu ni kizazi cha 12, haimo. Lakini madabodi yake (bodi kuu inayobeba prosesa) inapokea pia kizazi cha 13 na 14, kwa hiyo anayetaka kuchomeka i9 ya mtumba asasishe BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) kwanza, na amuulize muuzaji ilikuwa inafanya kazi gani.

Wa AMD nao watulie. 2021 kulikuwa na malalamiko ya USB kukatika kwenye bodi za AMD za X570 na B550, mpaka ikatolewa BIOS mpya. 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 za aina ya X3D ziliungua zikiwa kwenye bodi, na volti ya SoC (sehemu mojawapo ya ndani ya prosesa) ikawekewa kikomo cha 1.3.

Kazini zinatofautiana mahali pengine kabisa. Kamera yangu inarekodi HEVC ya 4:2:2 biti 10, aina ya video iliyobanwa lakini yenye rangi nyingi kuliko ya kawaida ya 4:2:0. Intel inaifungua kwa maunzi, naburuta taimlaini kama nateleza. Ryzen inahangaika nayo, lazima nitengeneze proksi (nakala nyepesi za kuhariria) kwanza, na hapo nusu saa imeshakwenda. Kwa klipu za kawaida za 4:2:0 sioni tofauti ya kunifanya niinuke kwenye kiti.

Kwa uthabiti nazipa zote 9 kati ya 10, na hiyo moja naikata kwa feni zao za boksini. Kwa mhariri mwenye kamera kama yangu, achukue Intel. Mwenye bodi ya zamani ya AM4 (soketi ya AMD inayoshika 5600G) aangalie kama inaikubali 5600G, akisasisha BIOS huenda asinunue bodi nyingine. Na pesa ya pawa saplai itengwe kabla ya kubishana prosesa.

Yule fundi juzi kaniuliza kama Ryzen bado ipo, ana mteja. Nimemwambia ipo, inarenda.