Ziara ya papa wa kilindini, mniulize mimi

Jumamosi nilipeleka watoto akwariamu huku pwani ya mashariki ya Marekani, nikaongeza hela tuingizwe kule nyuma wanakolelea papa wa maji ya kina, na aisee hela yangu imefanya kazi. Tuliyemkuta anaitwa Scyliorhinus retifer, hafiki hata nusu mita, macho marefu kama ya paka, na mwili mzima michoro myeusi utadhani katupiwa jarife. Kumbe hata hilo jina la Kilatini maana yake mbeba wavu.

Mimi mtu wa Tanga, papa nimekula mkavu na mbichi toka mdogo, ila papa aliyetulia chini hivi sijawahi kumuona. Nyuma ya jicho ana kitundu, dada aliyetuzungusha akatuonyesha maji yanaingilia pale yanatokea kwenye matamvua, matano kila upande, ndo maana anapumua bila kuogelea. Kibofu cha hewa hana, ana ini kubwa la mafuta, nikamwambia kwetu mafuta hayo tunaita sifa na mafundi walikuwa wanapaka majahazi, akafurahi kweli akaandika kwenye daftari.

Sasa mayai!! Jike anataga mawili mawili, kila moja kwenye kifuko cha kahawia chenye kamba kwenye pembe, anazungukazunguka kwenye tumbawe au chochote kilichosimama mpaka kamba zinashika. Dada akaweka tochi nyuma ya kifuko tukamuona mtoto ndani anachezesha mkia, kaungana na kiini chake. Anakaa humo miezi 8 na zaidi maana maji ni baridi. Binti yangu hakutaka kuondoka pale na mimi sikumharakisha.

Kwao ni mteremko wa Atlantiki, kuanzia Massachusetts kushuka mpaka Nicaragua, mita mia na kitu mpaka mia tano hivi, giza tupu na mwanga wa bluu kidogo. Ndo wanakuwashia taa ya bluu unavaa miwani ya njano, papa anang'aa kijani. Hapa ndo nawakata nyota moja, dakika tatu tu na tulikuwa watu 15, wafupi wa nyuma hawakuona kitu, na bango lao limeandika vina kwa futi peke yake.

Nyota 4. Bebeni sweta, chumba kina baridi, na chukueni ziara ya kwanza asubuhi.