Kutafuta mkutano wa AA Nairobi: kuupata ndiyo kazi

Mara ya kwanza nilikuta kumefungwa. Kuna orodha niliyoipata kwenye intaneti, si ya AA wenyewe (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe bila kutajana majina), ikisema Jumanne, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa kanisa upande wa Ngong Road. Nilifika mapema, nikazunguka uwanja mara mbili, mwishowe nikamwendea bawabu. "Hao walihama kitambo, bosi." Walihamia wapi, hakujua. Nikakasirika kidogo na kufurahi sana, kwa maana sasa nilikuwa na sababu. Sheria ya vileo ya 2010 inaruhusu baa kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi, kwa hivyo yangu ilikuwa imefunguliwa tangu saa nzima, na haikuwa imehama. Yaliyofuata mnayajua.

Wiki tatu baadaye nilijaribu kuacha mwenyewe, kimyakimya. Siku ya pili mikono ilitetemeka, jasho likinitoka usiku kucha, na dada yangu akanikokota hadi zahanati. Daktari alinigombeza vizuri: mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kushikwa na degedege, hata kufa. Kama wewe ni wa kunywa tangu asubuhi, anza kwa daktari, mkutano utakungoja. Wasio na daktari wa kumuuliza wanaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Safari ya pili niliwapigia AA simu kwanza. Aliyepokea hakuniuliza jina. "Usitafute kibango, hakuna. Ingia lango la kijani, zunguka nyuma, mlango wenye ndoo ya mchanga." Naelewa sasa kwa nini hakuna kibango. Lakini mgeni ambaye tayari anatafuta kisingizio cha kurudi nyumbani, hiyo ndoo ya mchanga ni mtihani. Tena uliza swali ambalo mimi sikuuliza: mkutano ni wa wazi au wa ndani? Wa wazi unaweza kuja na mtu wako. Wa ndani ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Dada yangu aliyenisindikiza alikaa nje juu ya jiwe saa nzima, na hajaacha kunikumbusha.

Ndani kulikuwa na viti vya plastiki na birika la chai. Mzee mmoja (ameniruhusu nieleze hili) alinimiminia nusu kikombe. Nikasema moyoni, hawa nao ni wachoyo. Nilipokiinua nikaona: chai ilikuwa inapiga mawimbi, ikafika ukingoni, ikarudi. Kingejaa ningeimwaga yote kwenye suruali. Mzee alikuwa ameshageuka anaongea na mwingine.

Hakuna aliyeandika jina langu wala kuomba kitambulisho. Hakuna ada; kikapu kinapita, waliopo wanatia walichonacho cha kodi ya chumba na majani ya chai, na mgeni akaambiwa akiache kipite. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Sikulazimishwa kusema lolote, na sikusema. Hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba nitaombewa kwa kuwekewa mikono. Mungu anatajwa katika zile hatua 12 ambazo AA hufuata ili kuacha pombe, siwezi kuwaficha, ila kila mtu anaachiwa amfahamu anavyomfahamu, na chumbani mle dini zilikuwa zaidi ya moja. Waliouanzisha mpango huu kule Akron, Ohio, mwaka 1935, walikuwa mtu wa masoko ya hisa na daktari wa upasuaji, walevi wote wawili, na mpaka leo mtindo ni uleule: mlevi anaongea na mlevi mwenzake. Mhubiri hakuwepo. Mtaalamu hakuwepo.

Lalamiko langu ni lugha. Katika kundi langu la kwanza vitabu vilisomwa kwa Kiingereza na watu walijieleza kwa Kiingereza, kama tuko kwenye mahojiano ya kazi. Kisha mtu mmoja akasimulia ya kwake kwa Kiswahili cha mtaani, na ghafla viti vikaanza kulia kwa kicheko. Tangu hapo nimehamia kundi jingine ambalo Kiswahili hakiombi ruhusa. Kwa hivyo usihukumu kwa chumba kimoja. Halafu kuna neno "sponsa". Huyo ni mtu aliyekaa bila kunywa muda mrefu, unayempigia unapozidiwa. Nilipomwambia mke wangu kwamba nimepata sponsa, ilibidi nieleze haraka sana. Sasa tunasema mdhamini. Mke wangu naye anahudhuria Al-Anon, mikutano ya watu wa familia za walevi, na yanayosemwa huko haniambii.

Mikutano ya Zoom nayo ipo, na ukiwa safarini inasaidia. Lakini kamera unaweza kuizima. Mimi niliwahi kuhudhuria mmoja hadi mwisho nikiwa na glasi mkononi, na nikapiga makofi.

Mkutano wenyewe naupa nyota tano. Kuupata, mbili. Ule ukumbi wa Jumanne bado uko kwenye ile orodha. Nimewaandikia mara mbili wautoe, hawajajibu.