Build an Atom ya PhET: kwa kidato cha pili iko poa sana, ila metali zimo mbili tu

Walimu wenzangu wa kemia, na wazazi ambao watoto wenu wamekwama kwenye topiki ya atomu, hii simulesheni ya Build an Atom nimeitumia sana na naona watu wengi wanaisikia tu hawajawahi kuifungua. Inatoka PhET, ule mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Nobeli mwaka 2001. Ukiifungua kwenye brauza ni bure kabisa, hakuna kujisajili wala matangazo.

Chini unakuta ndoo tatu, protoni nyekundu, nyutroni za kijivu, elektroni za bluu, unavuta kwa kidole unaachia katikati, zenyewe zinajipanga. Pembeni kuna jedwali dogo la elementi linakuonyesha umefika wapi.

Anza na lithiamu. Protoni 3, nyutroni 4, elektroni 3. Elektroni mbili zinakaa mzunguko wa ndani, ya tatu inabaki peke yake huko nje. Sasa mwambie mwanafunzi aitoe hiyo ya nje airudishe kwenye ndoo, aangalie kinachotokea: jina bado lithiamu, namba ya uzito (protoni ukijumlisha na nyutroni) bado 7, ila chaji imekuwa +1 kwa sababu protoni ni 3 na elektroni zimebaki 2. Hiyo ndo tabia ya metali tunayoihubiri kila siku ubaoni, kuachia elektroni za nje na kubaki na chaji chanya, na hapa mtoto kaifanya kwa mkono wake. Halafu arudishe elektroni, achomoe protoni moja. Jina linageuka pale pale linakuwa heliamu! Kuna lile kosa la watoto kusema elementi inajulikana kwa idadi ya elektroni, maana kwenye atomu isiyo na chaji namba zinalingana kwa hiyo kwao naona ni kitu kile kile, basi hapa linaisha bila kelele.

Beriliamu sasa ndo mimi naipenda zaidi. Kwanza tiki kile kisanduku cha kuonyesha kama kiini, yaani lile fungu la protoni na nyutroni katikati, kimetulia au hakijatulia. Wanafunzi wengi wamekariri kwamba nyutroni ni sawa na protoni, kaboni 6 kwa 6, oksijeni 8 kwa 8, so kwenye beriliamu wanaweka 4 kwa 4 na kiini kinaanza kutetemeka. Darasa lote linanyamaza. Ongeza nyutroni ya tano, kinatulia. Beriliamu yenye uzito wa 8 inavunjika haraka mno inakuwa viini viwili vya heliamu, ile ya kawaida tunayoipata ardhini ni ya 9, na sijawahi kuona njia nyepesi kuliko hii ya kumuonyesha mtoto kwamba nyutroni zina kazi pale katikati, hazipo kujaza nafasi.

Tatizo ni kwamba inaishia neoni, protoni 10 basi. Kwenye zile elementi 20 za kwanza tunazofundisha metali ziko 7, na hapa unapata lithiamu na beriliamu tu. Sodiamu, magneziamu, aluminiamu, potasiamu na kalsiamu hazimo, na ndo hizo hizo tunazozihitaji tukifika kwenye bondi na fomula. Kwa hiyo usitegemee simulesheni peke yake. Mimi baada ya beriliamu nahamia kwenye meza, maharage yanakuwa protoni, mahindi nyutroni, dengu elektroni, na miduara ya chaki. Sodiamu: 11, 12, 11, elektroni zake 2,8,1 kuanzia mzunguko wa ndani kwenda nje. Aluminiamu: 13, 14, 13, yaani 2,8,3. Toa moja kwa sodiamu, toa tatu kwa aluminiamu, zote mbili zinabaki na elektroni 10 kama neoni, na kwa vile neoni walishaiona kwenye skrini hapo wanaunganisha wenyewe. Kuna mtoto lazima atauliza dhahabu, mwambie protoni 79 na nyutroni 118, ila usianze kumchorea.

Kitu kingine, inakuonyesha atomu moja moja tu. Kwa nini waya wa shaba unapitisha umeme hutaona humu, maana kwenye kipande kizima cha metali zile elektroni za nje hazina mwenyewe, zinatembea kati ya atomu zote, na hiyo itabidi uieleze wewe. Na kiini wamekichora kikubwa ili kionekane, kiuhalisia ni kidogo kuliko atomu mara makumi elfu, waambie mapema wasije wakabeba hiyo picha mpaka kidato cha sita.

Kuhusu bando msiogope. Unadaunlodi faili mara moja, unaliweka kwenye flashi au unalirusha WhatsApp, linafunguka kwenye brauza bila intaneti. Shule yenye laptopu moja na projekta inatosha. Kuna na sehemu ya gemu yenye maswali, ni nzuri kwa dakika za mwisho za kipindi.

Mkiitumia, vile visanduku vya chaji na namba ya uzito viacheni vimefungwa kwanza, mtoto ajumlishe protoni na nyutroni kichwani, atoe elektroni kwenye protoni apate chaji, aseme jibu kwa sauti, ndo mfungue aone. Ukiviacha wazi tangu mwanzo wanasoma tu namba kwenye skrini hawahesabu.