Spika za Wharfedale Diamond za mtumba, sebuleni Mkomani, Lamu

Zilivuka kwa boti kutoka Mokowe zimefungwa blanketi. Jirani alipoziona akauliza, "Ndizo hizo tu?" Ndizo hizo tu: spika mbili ndogo za Kiingereza, kampuni yake ilianza 1932, na kila moja waweza kuitia kwapani.

Muuzaji wa Malindi alinikatia waya na kuzitia vichwa mwenyewe. Cha upande mmoja alikigeuza, nyekundu ikakaa pa nyeusi. Wiki nzima udi wa Zein l'Abdin, yule mwimbaji wa taarabu, ulisikika umetawanyika, hauna kwao, besi hakuna. Wufa moja, yaani spika ya besi, ilikuwa ikisukuma hewa huku mwenzake akiivuta, zikauana. Hilo lichunguze kwanza kabla hujailaani spika.

Nilipokirudisha kile kichwa, sauti ya Zein ikaja kukaa baina ya spika mbili, mahali penye ukuta mtupu. Masikio yote mawili yakipata sauti ileile, kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa, ubongo huiweka mbele yako katikati. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI, aliiombea kazi hii ya stirio hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1931, na mpaka leo spika mbili bado hutegemea ujanja huohuo.

Kina, yaani kusikia nani yuko mbele na nani yuko nyuma, kilichelewa kuja. Zikiegemea ukuta, besi huvimba na waimbaji wote husimama mstari mmoja. Nimezivuta mbele karibu nusu mita, na masafa baina yao ni sawa na masafa ya kila moja kufika nilipo. Stendi nilizoshauriwa nilizikataa: sisi hukaa chini mkekani, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inatakiwa iwe usawa wa sikio, basi ziko juu ya vigoda. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizo nyuma yangu zinasaidia, kwa kuwa huvunjavunja mwangwi. Ukuta wa pembeni wa chokaa ulikuwa balaa, ukipiga kofi unalia, nimeutundikia zulia. Sasa, rikodi ikiwa nzuri, nasikia uzi wa udi unavyoguswa kabla mlio haujajaa, na fidla iko nyuma yake, kushoto kidogo.

Nyimbo zilizorushwa simu kwa simu hazipati lolote hapa. Msondo nao, ile ngoma ndefu, sanduku la ukubwa huu haliuwezi, liwe la nani. Mwenye harusi ya mtaa mzima atafute kwengine. Wa udi na fidla azichukue, ila vichwa vya waya atie mwenyewe.